Kushuka Bagamoyo kwa Miguu: Kinachomwangusha Mtu wa Nyanda za Juu

Kundi la Iringa, Njombe au Mbeya likianza kuzungumzia hija ya miguu hadi Bagamoyo, swali la kwanza huwa ni kilomita ngapi. Ukifuata barabara ya TANZAM kutoka Iringa mjini, ukapita Mikumi na Morogoro, ukakunja Chalinze kwenda Msata na kumalizia baharini, safari nzima inakaribia kilomita 500. Namba hiyo inatisha kwenye karatasi, lakini siyo inayowarudisha watu nyumbani na basi. Watu wa kwetu wanajua kutembea. Mama anayepanda na kushuka vilima vya Kilolo kila siku ya soko, au kijana aliyekulia Rungwe, hababaishwi na kilomita 25 kwa siku. Kinachomwangusha ni kushuka. Anaondoka kwenye mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo Julai hakulaliki bila blanketi, anaishia ufukweni. Ndani ya wiki tatu anabadilishiwa joto, maji na wadudu, na magoti yake yanapokea kila mita ya mteremko huo.

Tunaandika kwa ajili ya parokia, jumuiya na vikundi vya vijana vinavyotaka kuifanya safari hii ikamilike salama. Atakayetoka Mbeya au Makambako apande gari hadi Iringa na aanze na wenzake. Kuongeza kilomita zaidi ya 300 za Mbeya hadi Iringa juu ya hizi ni safari nyingine kabisa, na hatuishauri kwa mara ya kwanza.

Anzeni na kalenda. Mvua za kwetu huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei, na pwani masika yananyesha Machi hadi Mei. Juni wengi bado wako kwenye mavuno ya mahindi. Kinachobaki ni Julai hadi Septemba, na katikati yake kuna sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, 15 Agosti, siku inayofaa sana kwa kundi la Wakatoliki kuwa Bagamoyo. Mkiondoka Iringa 22 Julai mnapata siku 18 za kutembea kwa wastani wa kilomita 25, siku tatu za kupumzika, nusu siku ya kuvuka Mikumi kwa gari, na akiba ya siku mbili hivi. Hiyo akiba isiguswe wakati wa kupanga. Kundi lisilo na akiba likichelewa kidogo Morogoro hulazimika kutembea kilomita 35 kwa siku ili liwahi sherehe, tena katika kipande chenye joto na unyevu kuliko vyote njiani. Wengi wanaougua, huugulia hapo.

Barua zitoke angalau mwezi mmoja kabla. Mnahitaji barua ya paroko au kiongozi wa dini, nakala kwa mkuu wa polisi wa kila wilaya mtakayopita (Iringa, Kilolo, Kilosa, Mvomero, Morogoro, Bagamoyo), na taarifa kwa askari wa usalama barabarani. Parokia na shule mtakazolala ziandikiwe moja moja, mkitaja idadi ya wanaume, wanawake, na watoto kama wapo. Mwalimu mkuu akijua wanakuja watu 40 atafungua madarasa mawili na kuonyesha vyoo. Mkimshtukiza saa 12 jioni hana la kufanya, na mtalala nje.

Sasa mazoezi. Wengi hujizoeza kwa kuzunguka mji, na hilo halitoshi. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja na kusukuma. Unaposhuka, msuli huohuo unanyooka huku ukizuia uzito wote wa mwili usiporomoke, na kazi hiyo ndiyo inayoupasua nyuzi zake ndogondogo. Maumivu hayaji palepale. Yanakuja kesho yake na kukaza siku ya pili. Ndiyo maana mtu anashuka mlima Kitonga akiimba, na keshokutwa asubuhi hawezi kuchuchumaa chooni. Habari njema ni kwamba msuli ulioshuka mteremko mkali mara mbili tatu katika wiki za kabla ya safari huumia kidogo sana unaposhuka tena. Kwa hiyo watu wa Mbeya wapande mlima Loleza na kushuka bila haraka, watu wa Iringa watafute vilima vyao, na walau mara tatu katika mwezi wa mwisho mshuke kwa saa nzima mfululizo. Zaidi ya hapo, kuwe na mwisho wa juma mbili za kutembea Jumamosi kilomita 20 na Jumapili kilomita 20. Siku ya pili ndiyo inayokuonyesha viatu vyako vina tatizo gani.

Viatu visiwe vipya. Raba iliyokwisha tembea kilomita 100 na bado ina soli nene ni bora kuliko ya dukani. Iwe kubwa kuliko kawaida yako kwa namba moja, kwa sababu mguu huvimba kwa joto na kwa kutembea muda mrefu. Ukisimama, mbele ya kidole kirefu kuwe na nafasi ya upana wa dole gumba. Kiatu kinachobana mbele hakionyeshi kosa lake kwenye tambarare. Kitaonyesha Kitonga, ambako vidole hugonga mbele kila hatua, na baada ya siku mbili kucha zinakuwa nyeusi. Kata kucha zote fupi na sawasawa siku tatu kabla ya kuondoka. Kwenye mteremko, funga kamba hadi tundu la juu kabisa na uikaze kwenye kifundo, huku sehemu ya vidole ukiiacha legelege. Kisigino kikishikwa, vidole havigongi. Katambuga zina sifa yake kwa wanaozivaa kila siku, ila asizianzie safarini mtu ambaye nyayo zake zimezoea soksi.

Malengelenge yana sababu tatu zinazofanya kazi pamoja: msuguano, jasho na joto. Punguza hata moja, nayo yanapungua. Pakaa mafuta ya mgando kati ya vidole na kwenye kisigino kabla ya kuvaa, badilisha soksi kila mapumziko marefu, na zile mbichi zining'inie kwenye begi zikauke. Soksi nene za michezo za mtumba, zile zisizo za pamba tupu, hukauka upesi na hazijikunji. Lakini ushauri tunaoukazia kuliko wote ni huu: ukihisi sehemu inawaka moto, simama hapohapo. Usisubiri kituo. Vua, kausha, bandika plasta pana ya kitambaa bila mikunjo, vaa, endelea. Ni dakika nne. Anayeona aibu kusimamisha wenzake anakuja kuwasimamisha kwa siku mbili. Lengelenge likishajaa maji na linauma, osha kwa sabuni, choma pembeni kwa sindano iliyopitishwa kwenye moto na kupoa, kamua taratibu, acha ngozi ya juu ilivyo, funika. Ukiibandua ngozi hiyo umefungua mlango wa vijidudu, na mbele kuna vumbi, madimbwi na bahari.

Siku ya kwanza ni ya kujipanga, na njia yenyewe ina historia. Mnapita Lugalo, ambako 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lililivizia na kulivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Mnara uko pale. Hadi Ilula mnazungukwa na mashamba ya nyanya, hewa ni ya baridi, na kila mtu anataka kukimbia. Asikubaliwe. Kiongozi wa mbele awe mtu mzima mwenye mwendo wa kilomita 4 hadi 4.5 kwa saa, na anayefunga msafara nyuma awe na filimbi, kizibao cha kung'aa na simu yenye chaji. Hakuna anayetembea nyuma yake.

Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo nyinyi mnatembea kulia, mkitazamana na yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine, vikundi vya watu kumi na nafasi ya mita 50 kati ya kikundi na kikundi. Nafasi hiyo inamwezesha dereva wa lori kurudi upande wake kabla ya kufikia kikundi kingine. Msafara mrefu usiokatika unamlazimisha akae katikati ya barabara muda mrefu, na ajali hutokea hapo.

Kitonga inataka maelezo yake. Barabara inashuka ukutani mwa mlima kwa kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Malori ya mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo hupanda polepole na kushuka kwa gia nzito. Dereva akitegemea breki badala ya gia, breki hupata moto na kuacha kushika, na lori lililoshindwa breki halina pa kwenda isipokuwa mwambani au korongoni. Ukisikia harufu kali ya breki zinazoungua huku lori bado liko juu yako, toka barabarani kabisa. Shukeni kukishapambazuka, saa 12:30 asubuhi, na mkutane wote chini kabla ya saa 4. Kwenye kona ambayo upande wa kulia hauna pa kukanyaga, mwenye bendera nyekundu atangulie mita 30 hivi, aangalie, aite, ndipo kikundi kivuke upande wenye nafasi. Hapa sheria ya kutembea kulia inalegezwa kwa amri ya kiongozi peke yake. Hatua ziwe fupi, goti likunjwe kidogo, usikanyage kwa kisigino mguu ukiwa umenyooka. Fimbo moja ya kawaida inayofika kiunoni inaondoa uzito mkubwa gotini, na kila mwenye miaka zaidi ya 45 awe nayo. Hakuna kuimba na kupiga ngoma Kitonga. Mnahitaji masikio.

Chini ya mlima dunia ni nyingine. Mibuyu inaanza, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimeanikwa kando ya barabara, na joto linakupiga usoni. Hapa ndipo makundi hukosea: yakishamaliza mlima yanadhani kazi imekwisha, yanaongeza mwendo kwa sababu njia ni tambarare. Mwili wa mtu wa baridi unahitaji siku saba hadi 14 kulizoea joto, yaani kujifunza kutoa jasho mapema, kwa wingi, na lenye chumvi kidogo. Kabla ya hapo jasho lake linamwaga chumvi nyingi. Weka siku nzima ya mapumziko Ruaha Mbuyuni, kisha siku mbili za kilomita 15 tu. Tembeeni kuanzia mwanga wa asubuhi hadi saa 5, laleni kivulini, malizieni saa 10 hadi saa 12 jioni. Tunajua wapo wanaopenda kuondoka saa 9 usiku kukwepa jua. Kipande hiki chote hadi Doma msifanye hivyo, kwa kuwa tembo na nyati hawasomi mipaka ya hifadhi, na madereva wa usiku wana usingizi.

Hesabu ya maji ni rahisi. Mtu mmoja, lita 5 kwa siku za joto, kunywa tu. Watu 40 ni lita 200, yaani madumu kumi ya lita 20, yakiwa yamejazwa asubuhi kwenye gari la mizigo kabla halijatangulia. Kila mtu anabeba lita moja na nusu mwenyewe, na begi lake zima lisizidi kilo 5. Maji ya bomba la kijiji au kisima yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na yasubiriwe nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, kwa kuwa tope linaimaliza nguvu dawa.

Ila maji matupu nayo yanaua. Mtu anayetoa jasho siku nzima na kunywa maji mengi bila chumvi, damu yake inapungukiwa chumvi: tumbo linajaa, kichwa kinagonga, anatapika, anaanza kusema yasiyoeleweka, huku mkojo wake ni mweupe kama maji. Wenzake wanadhani ana kiu na kumwongezea maji, na wanamzidishia hatari. Huyo apelekwe kituo cha afya mara moja. Kinga yake ni kunywa kiasi cha nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, usivuke lita moja, na kula vitu vyenye chumvi: karanga za kukaanga, mihogo, maharage, dagaa. Mara mbili kwa siku kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti, pakiti moja kwa lita moja kamili. Ikikosekana, tengeneza: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Onja, yasiwe na chumvi kuliko machozi. Soda haichukui nafasi yake.

Kuna dawa moja tunayoiomba ibaki dukani, nayo ni diklofenaki. Inauzwa kila mahali, inaondoa maumivu ya goti kweli, na mahujaji huimeza asubuhi na jioni kama peremende. Dawa za jamii hii hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo za mtu aliyepungukiwa maji tayari zinapata damu kidogo. Mambo hayo mawili yakikutana kwa siku kadhaa, figo zinaweza kusimama. Kwa maumivu ya kawaida tumieni paracetamol kwa kipimo chake, kanda kwa maji baridi, pumzisha mguu juu ya begi. Goti linalodai diklofenaki kila siku linataka kupanda gari. Vilevile wenye presha wanaotumia vidonge vya kupunguza maji mwilini, na wenye kisukari, wazungumze na daktari wao kabla ya kujiandikisha, kwa sababu vipimo vyao vya dawa vinaweza kuhitaji kubadilishwa kwenye joto.

Mikumi hakuna mjadala. Barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na kutembea kwa miguu ndani yake hakuruhusiwi. Simba, nyati na tembo huvuka lami mchana kweupe. Kodini basi au Coaster kutoka Mikumi mjini, mshukie upande wa pili, mwendelee kuelekea Doma na Melela. Baadhi ya mahujaji huumia moyoni kwa kilomita hizo, wakiona hija imekatika. Tunawaambia wazi: haijakatika. Hata kwenye njia ya Santiago de Compostela kule Hispania, ambayo watu wameitembea tangu zama za kati, cheti cha hujaji hudai kilomita 100 tu kwa mwenye kwenda kwa miguu. Salini rozari ndani ya basi, muwaombee waliofia barabarani, inatosha. Funga vioo: mbung'o wa Mikumi wanauma kupitia shati.

Jambo hilo la kilomita 100 lina faida nyingine kwetu. Kutoka Chalinze hadi Bagamoyo kupitia Msata ni kama kilomita 100: karibu 40 hadi Msata, kisha 64 za lami hadi baharini. Wazee, wafanyakazi wenye likizo ya wiki moja, na wanafunzi wanaweza kuja kwa basi hadi Chalinze na kuungana na kundi hapo. Wapewe siku tano, siyo nne. Wenzao watakuwa na wiki mbili na zaidi za kuzoea joto. Wao wametoka kwenye sweta jana yake.

Kati ya Mikumi na Chalinze hatuna mengi ya kusema. Morogoro pumzikeni siku moja, fueni nguo, wenye vidonda waende hospitali, nunueni matunda ya Uluguru. Mikese na Ubena Zomozi zina joto na magari mengi kuliko popote, kwa sababu malori ya Dodoma na ya kwetu yameshaungana. Kizibao cha kung'aa kivaliwe na kila mtu, siyo mbele na nyuma tu.

Malaria ndiyo adui mkubwa kuliko kona za Kitonga, na anadharauliwa kwa sababu hafanyi kelele. Aliyekulia Njombe au Makete hakuumwa na mbu wa malaria mara nyingi utotoni, kwa hiyo hana ile kinga ya sehemu aliyonayo mtu mzima wa Kilosa au Bagamoyo. Mwenyeji anaweza kuwa na vimelea akaumwa kichwa tu. Mgeni kutoka baridini anaweza kufika kwenye malaria kali ndani ya siku mbili tatu. Chandarua chenye dawa, kila mtu na chake au wawili wawili, kianze kutumika usiku wa kwanza chini ya mlima. Darasani hakuna pa kutundika, kwa hiyo bebeni kamba ndefu na misumari michache kwenye gari: funga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, vyandarua vyote vining'inie humo. Kuanzia saa 12 jioni mikono na miguu ifunikwe. Wajawazito wasitembee safari hii. Muulize daktari kuhusu dawa za kujikinga kabla ya kuondoka. Na kwenye sanduku la huduma ya kwanza, mhudumu wa afya wa kundi awe na vipimo vya haraka vya malaria. Homa yoyote inapimwa saa hiyohiyo, haipewi jina la uchovu.

Baada ya Msata barabara inatulia. Malori yanapungua, vijiji viko karibu karibu, na Kiwangwa mananasi yamepangwa mezani kando ya lami. Kuleni, lakini mtu mwenye vidonda mdomoni kwa sababu ya jua asimalize nanasi zima. Mkivuka daraja la Ruvu msishuke mtoni kuoga wala kuchota: mto huo una mamba na viboko. Upepo wa kusi mtauhisi hapa, na unadanganya. Unakausha jasho kabla hujaliona, mtu anajiona hana joto, hanywi.

Siku ya mwisho ipangwe kinyume na tamaa. Laleni kilomita 8 hadi 10 kabla ya mji, muingie asubuhi mkiwa na nguvu. Kundi linaloingia saa 2 usiku limechoka, halioni kitu, linatawanyika kutafuta chakula, na picha ya mwisho ya hija inakuwa kugombania magodoro. Mkiingia saa 3 asubuhi kupitia Makofia, mnafika misheni kwa wakati wa Misa, na wote mko pamoja.

Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliovuka kutoka Zanzibar, wakiongozwa na padre Antoine Horner. Walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mnara wa kanisa la kwanza upo, kanisa kubwa la baadaye lipo, jumba la makumbusho lipo, na kuna njia ya miembe inayoshuka hadi msalaba ulio karibu na bahari. Kabla ya kukimbilia msalabani, ingieni makaburini. Someni miaka kwenye mawe. Wengi wa wamisionari hao walikufa vijana, kwa homa zilezile ambazo chandarua chenu kimewakinga nazo tangu Ruaha.

Kisha rudini kwenye ule mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Alifariki 1 Mei 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo. Waliomleta ni Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi. Walikausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu kwa miezi tisa hivi kupitia Unyanyembe hadi pwani hii. Meli ikauchukua, ukazikwa London Aprili 1874. Kwetu sisi hao wawili wanastahili kutajwa kwa sauti na kila kundi linalofika Bagamoyo kwa miguu, kwa majina, kwenye sala ya shukrani. Na wanastahili kutajwa pamoja na wale wasiojulikana majina: wapagazi walioshusha pembe za ndovu hapa, na watumwa ambao kwao bahari haikuwa mwisho wa safari.

Halafu bahari yenyewe. Ufukwe wa Bagamoyo ni bapa, maji yakipwa yanarudi mbali sana na kuacha tope na mchanga, na yakijaa yanarudi kwa kasi kuliko mgeni anavyodhani. Mwezi mpya na mwezi mpevu ndiyo wakati wa bamvua, maji yanajaa na kupwa kwa tofauti ya zaidi ya mita 3. Waulizeni wavuvi sokoni saa ya maji kujaa, pangeni ibada ya kumalizia iwe saa moja kabla yake. Wengi wetu hatujui kuogelea. Wekeni mpaka: maji yasipite goti, wawili wawili, na watu wanne wabaki mchangani kuhesabu. Mwenye lengelenge lililopasuka au kidonda asitie mguu baharini siku hiyo, maji ya chumvi yenye joto yana vijidudu vinavyopenda jeraha. Achovye mikono, anawe uso. Anayeingia avae kandambili zenye kamba, kwa sababu ya urumba, kiumbe wa baharini mwenye miiba mwili mzima, na samaki aitwaye taa anayejizika mchangani. Msichome nguo wala viatu ufukweni. Kule Finisterre, mwisho wa nchi kavu ambako mahujaji wa Santiago huongeza kilomita 90 ili waione bahari, desturi hiyo ilikuwepo na sasa inakatazwa kwa sababu ya mioto na takataka. Viatu vinavyofaa bado, gaweni.

Kaeni Bagamoyo siku moja kamili baada ya kufika. Mwili uliotembea wiki tatu ukisimamishwa ghafla na kukunjwa kwenye kiti cha basi kwa saa kumi, miguu huvimba, na damu iliyotuama inaweza kuganda. Tembea nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, kunywa maji. Ndani ya basi inuka kila mnaposimama, zungusha vifundo. Mkifika Chalinze toeni masweta kwenye mabegi kabla hayajawekwa buti. Iringa usiku wa Agosti haitawasubiri. Wa Makambako na Mbeya wanaweza pia kwenda Dar es Salaam na kupanda treni ya TAZARA, mradi ratiba iwe imethibitishwa stesheni kabla ya siku hiyo.

Kazi ya kiongozi haijaisha kituoni. Mbu aliyekuuma Bagamoyo anaweza kukuletea homa siku saba hadi 14 baadaye, au hata zaidi, ukiwa umesharudi Makete unavuna viazi. Mhudumu wa zahanati ya huko anaona malaria mara chache, na ukimwambia tu unaumwa kichwa na mafua atakutibu mafua. Sema neno la kwanza kabisa: nimetoka pwani tarehe fulani, nipimeni malaria. Kiongozi awe na orodha ya namba za simu za wote, ampigie kila mmoja siku ya saba, siku ya 14 na siku ya 28, aulize swali moja la homa, na asiyepokea afuatwe kupitia jumuiya yake.